Sahani Iliyorudi Tupu

Bagamoyo,
Jumapili, 28 Januari 2024

Dada Habiba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nimeambiwa plasta imefika gotini. Wewe nawe, umetoka kumzika mama salama, unafika Lugoba ndiyo unadondoka na bodaboda nyumbani kwako! Pole sana, dada yangu.

Usishangae kupata barua kama tuko zama za babu. Simu yangu iliingia kwenye ndoo ya maji siku ya hitma, sasa iko kwa fundi Abdulnasir, kaifungua tumbo wazi anasubiri kioo kutoka Dar. Ally, kondakta wa basi linalopita kwenu kwenda Chalinze, amekubali kuwa posta wetu. Mpe jibu akirudi.

Hapa nimebaki peke yangu. Adila nilimpeleka Kerege kwa mama yake juzi, mimba imeingia mwezi wa tisa na ndiyo ya kwanza, wamesema akajifungulie kwao. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Naingia chumbani kwa mama nasahau nimefuata nini, natoka nalia. Nakwambia wewe tu, usimwambie mtu.

Lakini sijafa njaa! Jana asubuhi nimepekua genge la mama. Pembeni, chini ya gunia, palikuwa na fungu moja kaliweka kando: nusu kitunguu, karoti imelegea, hoho lina mikunjo kama bibi, kipande cha kabichi, nyanya masalo mbili, yale mabaki yasiyouzika, na mchicha. Nikasema hivi havitupwi. Kitunguu nimekaanga mpaka kikawa chekundu, zikaingia karoti na kabichi, halafu hoho, nyanya na chumvi, mchicha mwisho. Nikapiga mayai matatu, nikamimina juu, nikafunika na kupalia moto kama wali wa nazi, makaa juu makaa chini. Hata sijamaliza kufagia uwani kimanda kimeiva, kimevimba, nimekikata kama keki. Nimekula chote. Adila akijua napika hivi nimekwisha, ataniachia jiko.

Mayai mawili nilinunua kwa Mohamedi dukani. La tatu nililikuta barazani alfajiri kwenye sahani ya bati, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu ambayo mama alikuwa akitolea sadaka. Yai zuri la kienyeji, lina joto kama limetoka kutagwa, na doa jekundu ambalo halikutoka hata nilipoliosha. Nikajua ni jirani ananihurumia yatima. Sahani nimeisugua ikang'aa, nikairudisha palepale barazani, aliyeileta ataichukua.

Nisalimie walimu wenzako.

Mdogo wako,
Mikdad


Lugoba,
Jumanne, 30 Januari 2024

Mdogo wangu Mikdad,

Marahaba. Mguu upo, unawasha ndani ya plasta nashindwa kuukuna. Sijui nitakaa hivi wiki ngapi, daktari hasemi moja.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nijibu haya bila mzaha, Mikdad, nakujua. Hiyo sahani, ina pengo dogo kwenye ukingo, upande mmoja, rangi imebanduka? Ulipoirudisha barazani uliweka kitu juu yake, au uliiweka tupu? Na imechukuliwa?

Hata kama huna kitu, mtu hamrudishii mwenzie chombo kitupu. Mama alitulea hivyo. Jirani akikuletea chapati unamrudishia sahani na ndimu, na ukikosa ndimu, hata chumvi. Wewe umekulia wapi? Kesho kabla ya magharibi chukua mboga zozote, panga fungu, weka barazani, ingia ndani, funga mlango. Na ukikuta yai jingine usile. Mayai ya kuokota yana maradhi, ndiyo maana nakwambia.

Jambo jingine. Jana saa kumi jioni nilikupigia. Najua simu ni mbovu, nilijaribu tu. Ikapokelewa. Hukusema neno. Nikasikia uma unapiga mayai kwenye bakuli, taratibu, haukomi. Nikaita jina lako mpaka salio likaisha. Kama simu imepona mbona hukuniambia?

Adila anaendeleaje? Mtoto anacheza vizuri? Niandikie hilo kwanza kabla ya yote.

Dada yako,
Habiba


Bagamoyo,
Ijumaa, 2 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Nilitaka kukucheka, nimeshindwa.

Simu iko kwa Abdulnasir. Nimekwenda kuiangalia kwa macho yangu. Betri iko kwenye kopo, mashine iko kwenye kitambaa, kioo hakijaja. Hakuna mtu aliyeipokea simu ile. Sijui ulisikia nini.

Sahani ina pengo, ndiyo. Niliiweka tupu, ndiyo. Ilichukuliwa siku hiyohiyo.

Jumatatu, adhana ya magharibi inaanza, nikabishiwa hodi. Nikafungua. Mama mmoja mtu mzima, kajifunika kanga kichwani mpaka usoni. Sijapata kumwona mtaani. Jua kali mwezi mzima hapa, lakini pindo la kanga yake lilikuwa linachuruzika maji mpaka sakafu ya baraza ikalowa. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akanyoosha sahani akasema, "Sahani yangu imerudi tupu." Nikasema samahani mama, karibu ndani nikutafutie kitu. Kugeuka kuchukua nyanya, kurudi, hayupo. Sahani kaiacha chini, ndani ina maji kidogo.

Nikasema basi, mgonjwa wa watu, ana yake kichwani. Jumanne nikaamka nataka kimanda tena, maana mboga bado zipo. Nikavunja yai kwenye bakuli. Tupu, dada! Gamba zima, ndani pakavu, hata unyevu hakuna. Nikavunja la pili. Tupu. Nikachukua trei nzima kwa Mohamedi, nikavunja saba palepale mbele ya duka, yote matupu. Mohamedi akavunja moja kutoka trei hiyohiyo, likamwagika kiini na ute kama kawaida. Akanipa jingine mkononi. Nikavunja. Tupu. Watu wakacheka wakasema kijana kaokota kiinimacho. Mimi nikacheka nao, kisha nikaenda kujifungia chooni.

Jumatano nikapata barua yako, nikaweka fungu zuri barazani, karoti nzima, hoho mbili, bilinganya. Asubuhi fungu liko vilevile, halikuguswa, na sahani kaigeuza kifudifudi juu yake. Hodi ikaja tena jana, maneno yaleyale.

Umeniuliza Adila. Pazi, kaka yake, kaja leo asubuhi kutoka Kerege. Anasema Adila hajambo ila mtoto hachezi. Tangu Jumatatu jioni. Wamempeleka zahanati, nesi akasikiliza na kile chombo chake muda mrefu, akasema moyo anausikia kwa mbali sana, warudi wiki ijayo kama hakuna mabadiliko.

Dada, wewe kuna kitu unakijua. Yale maswali ya pengo la sahani si maswali ya maradhi ya mayai. Nakuomba kwa haki ya mama, nieleze. Mtoto wangu hachezi.

Mikdad


Lugoba,
Jumapili, 4 Februari 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe. Naanza na hilo kwa sababu ukimaliza kusoma huenda usitake kulisikia.

Kabla hatujazaliwa, mama alipoteza mimba nne. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba jioni moja, anafunga genge, alipita mama kajifunika kanga iliyolowa, akamwomba mboga zilizobaki. Mama akampangia fungu la mwisho kwenye sahani yake mwenyewe, ile yenye ukingo wa buluu. Asubuhi akaikuta barazani, juu yake yai moja. Mwaka ule nikazaliwa mimi. Tangu hapo fungu la mwisho la genge letu halikuuzwa wala kuliwa. Kila magharibi mboga na yai vinatoka, kila asubuhi mboga hakuna, yai limerudi. Yai lilelile. Hivyo ndivyo walivyoishi, mama na yule. Mama hakuona tabu. Alisema ni ujirani.

Sasa sikiliza. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa. Shuaibu ana siku thelathini na nane, kitoto kina alama nyekundu juu ya nyusi ya kushoto, mama anasubiri arobaini amtoe nje. Siku hiyo alikwenda msibani jioni, akanichelewesha kula. Nikapekua gengeni nikaona fungu. Nikaona yai. Nikajipikia kimanda, Mikdad, vilevile ulivyofanya wewe. Kitunguu, karoti, mchicha wa kunyauka. Kilikuwa kitamu mpaka leo nakikumbuka, na najichukia kwa kukikumbuka. Sahani nikaiosha kwa adabu zote, nikaiweka barazani tupu.

Siku ya tatu Shuaibu akafa. Hakuumwa. Mwepesi alikuwa, nilipombeba hakuwa na uzito wowote. Watu wakasema homa. Mama aliona gamba la yai kwenye majivu ya jiko, akaliokota, akalitia kwenye pindo la kanga, hakunigombeza hata neno moja. Miaka yote hii hakusema. Bora angenipiga!

Baada ya mazishi sahani ikarudi na yai jipya. Mama akanishika mkono, akanileta karibu na taa nilione. Lilikuwa na doa jekundu. Akasema, "Huyu hapa. Hakwenda mbali. Tutakuwa tunamlisha." Na alimlisha kila siku, jioni anamtoa na mboga zake, alfajiri anampokea, anamshika shavuni kwanza kabla ya kumweka kwenye kikapu cha pamba. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, ukakua unamwona mama anaweka sahani barazani, ukadhani ni sadaka.

Yai ulilokula ni kaka yako.

Siku zile tatu za msiba, mimi ndiye niliyekuwa naweka sahani jioni na kuipokea asubuhi, wanawake wamejaa ndani hakuna aliyeniona. Siku ya kuondoka niliiacha barazani bila kuipokea, na nilitakiwa nikuvute pembeni nikueleze. Nikafika mlangoni nikaona haya. Ningeeleza sahani, ningelazimika kueleza Shuaibu. Nikajisemea hitma imesomwa, mama hayupo, mambo yale yamekwisha naye. Nimeponza nyumba mara mbili.

Yule huchukua wa mwisho. Fungu la mwisho, mtoto wa mwisho. Hivi sasa wa mwisho kwetu ni wewe, lakini siku Adila akijifungua wa mwisho atakuwa yule mchanga, na naona ameshaanza kumnyooshea mkono. Usimpelekee mboga tupu, hazitaki peke yake, umeona alivyogeuza sahani. Nisubiri. Nimemwambia daktari nikatwe plasta Jumatano, akikataa nitaikata mwenyewe kwa kisu. Nitakuja mimi nimkabili, mimi ndiye niliyeanza. Mpaka nifike, akibisha hodi usifungue, na usimwulize anataka nini. Anajibu anapoulizwa, na akishajibu imekwisha.

Usinichukie, Mikdad. Au nichukie, lakini nisubiri.

Habiba


Bagamoyo,
Jumanne, 6 Februari 2024

Dada Habiba,

Shikamoo. Ally kanipa barua yako saa nne, naandika saa nane mchana, ataondoka nayo gari la kesho. Utaipata kabla hujaharibu mguu.

Sikuchukii. Ulikuwa na miaka tisa na njaa. Mimi nina ishirini na nane na nilikuwa na duka la Mohamedi hatua kumi. Nimelia kwa ajili ya Shuaibu, nimetapika, nimelia tena. Halafu nikatulia. Sijui kwa nini nimetulia.

Barua yako imechelewa siku mbili. Nimeshamwuliza. Jumapili, alipobisha, nilimfungulia, nikamwambia mama, mimi sina yai hata moja lenye kitu ndani, niambie nikuwekee nini kwenye sahani. Akainua kichwa. Sikuona uso, kanga tu, maji yanashuka. Akasema, "Kilichojaa." Akaondoka kwa miguu yake mpaka kona ya msikiti, kama mtu yeyote.

Jana Pazi kaleta salamu. Nesi sasa hausikii moyo vizuri, wanataka kumpeleka hospitali ya wilaya. Adila anapapasa tumbo lake anasema limekuwa jepesi. Umeandika neno hilo pia, dada. Mwepesi.

Siwezi kukusubiri mpaka Jumatano. Na wewe si wa mwisho, hatakutaka hata ukija na miguu miwili. Kwetu aliye wa mwisho, aliyejaa, leo hii, ni mimi. Kesho huenda si mimi tena.

Nimefagia nyumba. Nimepekua genge mara ya mwisho, nimepata nusu hoho, vitunguu viwili vidogo, bilinganya moja, karoti na majani ya kunde. Nimemwomba Mohamedi anivunjie mayai yeye kwa mkono wake. Nimepika kimanda cha mama, kitunguu chekundu, makaa juu makaa chini. Kimevimba vizuri kuliko kile cha kwanza. Nimekiweka kwenye sahani ya buluu, nimekifunika. Magharibi nitatoka nacho barazani, na sitaingia ndani wala kufunga mlango. Nitakaa nacho, mimi na sahani.

Naogopa sana. Sitaki ujue vingine.

Mwambie Adila nilikuwa napika vizuri. Hataamini.

Mdogo wako,
Mikdad


Kerege,
Ijumaa, 16 Februari 2024

Wifi yangu Habiba,

Shikamoo. Naandika barua kwa sababu kila nikikupigia simu inapokelewa nasikia mtu anapiga mayai, hasemi. Nimedhani ni mtandao. Kaka yangu Pazi atampa Ally huko Bagamoyo.

Kwanza nakupa la heri. Nimejifungua Jumatano wiki hii, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, analia mtaa mzima unasikia. Ile Jumanne ya tarehe sita ndiyo walikuwa wananitoa kunipeleka hospitali. Niko mlangoni, adhana ya magharibi, mtoto akanipiga teke nikapiga kelele. Tangu saa ile hakutulia tena mpaka anazaliwa. Nesi alipima, akasema hajapata kuona.

La pili sijui nilianzeje. Mikdad hajaja kumwona mwanawe. Mwanzo nikadhani ana hasira, kisha nikadhani yuko kwako. Pazi alikwenda nyumbani jana. Mlango uko wazi, ndani pamefagiliwa, kitanda kimetandikwa, viatu vyake viko chini ya kitanda pea zote. Jirani anasema alimwona mara ya mwisho amekaa barazani jioni, ana sahani mapajani, anaongea taratibu na mtu ambaye jirani hakumwona. Sakafu ya baraza ina maji mpaka leo, anasema kila asubuhi inalowa. Polisi wameandikisha, wanasema mtu mzima hupotea akirudi akarudi. Wifi, mume wangu yuko wapi? Kama kuna mwanamke niambie, nitaumia lakini nitajua. Yeye hajanificha kitu hata siku moja.

Pazi kaniletea kitu kimoja alichokikuta barazani, maana alisema kiliwekwa kwa adabu. Sahani ya mama, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, na juu yake yai. Lina doa jeusi upande mmoja, kama lile baka la Mikdad nyuma ya sikio. Tena lina joto, wifi, limesafiri njia nzima na bado lina joto. Mama yangu anataka kunikaangia leo pamoja na mboga zilizobaki jana, karoti na kabichi, anasema mzazi anahitaji nguvu. Sijui kwa nini nimemkatalia. Nimelifunga kwenye kanga, nalala nalo kifuani upande huu, mtoto upande huu. Mtoto akilia, nikimsogeza karibu nalo ananyamaza.

Jina bado. Arobaini ni mbali ila wazee wananihimiza siku ya saba. Nimesema kama baba yake hajaonekana mpaka siku hiyo, nitampa jina la baba yake, Mikdad, ili liwepo nyumbani.

Nijibu upesi.

Wifi yako,
Adila


Bagamoyo,
Jumatatu, 19 Februari 2024

Mke wa mdogo wangu, Adila,

Marahaba, na hongera ya uzazi. Mungu amkuze.

Nimehamia nyumbani kwa mama tangu jana, na magongo mawili. Shule nimewaandikia kwamba sirudi. Asubuhi nimefungua genge, Mohamedi kanisaidia kupanga meza. Nimeuza nyanya, nimeuza hoho, fungu la mwisho sikuuza.

Mume wako hana mwanamke. Hilo kwanza uliondoe moyoni. Mambo mengine yote nitakueleza kwa mdomo, na safari hii sitaona haya hata kama utanitemea mate. Ninazo barua zake mbili za mwisho, nitakusomea zote; ya mwisho ilinifikia magharibi ile imeshapita, nikaona haya kukuandikia.

Pazi anayekuletea barua hii namtaka arudi leoleo na sahani na yai. Mfungeni kwenye pamba, asiwe juani, asitikiswe. Mama yako asimguse, na kisu kikae mbali. Nitamtoa barazani kila magharibi na mboga zake, na kila alfajiri nitamfungulia mlango. Mama alifanya hivyo miaka thelathini kwa mwingine, mimi sijui nitafika wapi, lakini nitamfundisha mwanao nikichoka. Atajua kupanga fungu kabla ya kujua kusoma. Na atajua kwamba katika nyumba hii chombo hakirudi kitupu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mtafutieni mtoto jina jingine lolote. La Mikdad msimpe. Mwenyewe bado yupo, analihitaji nimwitie kila asubuhi.

Wifi yako,
Habiba